Rudia, Rudia

Mashindano ya boti pale bwawani yalianza mwaka 1991. Walioyaanzisha ni Bi Dorothea na mumewe, wenye duka la injini za boti, na mwaka ule wa kwanza watazamaji hawakuzidi wa kujaza kanisa dogo. Yakakua. Ikafika mahali watu wakawa wanaegesha magari hadi barabara kuu, wakija na majiko ya kuchomea nyama, na mchungaji akaitwa kuyabariki maji kabla injini hazijawashwa. Ilikuwa kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, joto la Texas likiwa limeanza kuchoka. Ukiwauliza wenyeji, watakutajia nani alishinda lini na injini ya nani ililipuka. Habari za boti ya uokoaji hawatakuambia. Boti ya uokoaji haishindi kitu.

Aliyekuwa akiiendesha hiyo boti ni Gelasius.

Alikuwa Mhaya wa Kemondo, aliyekulia kwenye karakana ya misheni akishika spana za injini za boti tangu hajaota ndevu. Texas alikuja kusoma. Masomo yakamshinda, akaishia kuendesha foklifti kwenye ghala moja la Grand Prairie, mtu mpole, asiye na mke, anayependa kuambiwa la kufanya akalifanya vizuri. Jumamosi moja alipita bwawani, akakuta wanatafuta dereva wa boti ya uokoaji. Kila mwenye kujua boti alitaka kushindana, na hakuna aliyetaka kukaa akisubiri wenzake wapinduke. Gelasius akasema yeye atasubiri. Akasubiri miaka minane, na kwa miaka hiyo yote aliwatoa majini watu wenye mikono iliyovunjika, meno yaliyong'oka, lakini wazima. Alijivunia hilo, ingawa hakulisema.

Zile boti wenyewe waliziita haidropleni. Zikikimbia hazikai majini, zinagusa maji kwa ncha tu, huku nyuma zimeinua ukuta wa povu. Gelasius aliziita senene, kwa sababu zinaruka hovyo na hazijui zitatua wapi.

Polycarpe aliingia kwenye boti ya uokoaji mwaka 2001. Alikuwa Mkongomani wa Kalemie, mkimbizi, mkubwa kwa Gelasius kwa miaka kama kumi, amekaa Fort Worth na familia yake, anafanya kazi kiwandani. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu na asante, lakini majini alikuwa samaki. Utaratibu wa boti ile ulitaka watu wawili: mmoja ashike usukani akitazama mbele, mwingine asimame nyuma akitazama maji na kutoa amri. Kamati ilipoona wawili hawa wanaelewana kwa Kiswahili, ikawaunganisha, ikafurahi. Nani angejua kwamba Kiswahili kina watoto wengi na hawafanani?

Wao wenyewe walijua kidogo. Siku ya kwanza kabisa Polycarpe alisema, "Mudogo, bibi yangu iko na mimba."

Gelasius akamfikiria ajuza wa watu, mpaka alipoelezwa kwamba bibi huko Kalemie ni mke. Walicheka wakashikana mabega. Tangu hapo wakawa wanataniana kwa maneno, na baada ya muda wakaamini wameshayamaliza yote. Kwenye boti walihitaji machache tu: kushoto, kulia, polepole, simama. Neno la kugeuza boti halikuwahi kuhitajika, maana siku zote walizunguka kufuata njia ya mashindano, upande mmoja.

Septemba ya 2002 ilikuja na upepo. Katika raundi ya mwisho, boti ya Wade Hollister iliinua pua. Wade alikuwa kijana wa Weatherford, mchangamfu, ambaye kila asubuhi ya mashindano alikuwa akiwapelekea waokoaji soda baridi na kuwaambia kwa utani, "Leo sitaki kuwaona tena." Upepo ukaingia chini ya boti yake, ikanyanyuka yote, ikapinduka chali na kuanguka kwa kishindo. Bendera nyekundu ikapandishwa. Boti nyingine zote zikazima injini. Gelasius akafungulia ya kwake hadi mwisho.

Walipofika, boti ilikuwa tumbo juu na kiti kitupu. Wade alikuwa amerushwa. Gelasius akaanza kuizunguka ile boti, shingo imemkakamaa, macho mbele, akiogopa kumgonga kijana kwa chuma kilekile alichokuja nacho kumwokoa. Ndipo nyuma yake Polycarpe alipopiga kelele.

"Rudia! Rudia!"

Polycarpe alikuwa ameiona helmeti nyekundu. Imeibuka nyuma yao, kwenye povu walilotoka kulipita, na mkono mmoja umeinuka kando yake. Alikuwa akiuonyesha kwa kidole, lakini kidole kilikuwa nyuma ya kisogo cha Gelasius. Na kule Kalemie, mtu akitaka ugeuke urudi ulikotoka, anakuambia rudia.

Kule Kemondo, rudia ni kufanya tena. Mwalimu anakuambia rudia, unaanza upya. Gelasius akajua, kwa uhakika wa mtu anayekijua Kiswahili chake, kwamba mzee hakuona vizuri na anataka wazunguke duru nyingine.

"Narudia, mzee!" akajibu kwa sauti kubwa.

Neno hilo ndilo lililomfanya Polycarpe asiruke papo hapo. Alisikia, "Ninarudi." Akajishika kwenye ukingo wa boti, akasubiri igeuke, kwa kuwa boti ina mbio kuliko mtu. Boti haikugeuka. Ilizidi kwenda mbele, ikapanua duru kukwepa vipande vilivyotapakaa, na Gelasius akairudia ile duru kwa uangalifu wote aliojaliwa na Mungu. Helmeti ilipozama, Polycarpe alijitupa majini na viatu vyake.

Alimpata. Alizama mara ya kwanza akatoka mikono mitupu, akazama tena, akatoka amemshika kijana kwa kola, anahema kama anayelia. Wakamvuta ndani ya boti, wakamfikisha ufukweni, wahudumu wa afya wakamhangaikia kwenye nyasi huku mamaye amepiga magoti pembeni. Hakuamka.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa dukani kwa Bi Dorothea, katikati ya injini zilizofunguliwa. Mama yake Wade alikaa kwenye kona, mkoba mapajani. Watazamaji wengi walikuwa wameona helmeti ikielea, wakaona na boti ya uokoaji ikiiacha nyuma na kuendelea kuzunguka kama gari linalotafuta maegesho. Bi Dorothea alitaka kujua kwa nini. Na kwa vile Polycarpe hakuweza kujieleza, Gelasius ndiye aliyekuwa mkalimani wa wote wawili.

"Mwenzako alikuambia nini?" Bi Dorothea akauliza.

Gelasius akajibu kwa Kiingereza kwamba aliambiwa afanye tena, azunguke tena. Hakudanganya. Aliamini kila neno, na alimwonea huruma mzee wake hata akaongeza kwamba makosa hutokea, kelele zilikuwa nyingi.

Polycarpe akamgeukia. "Umebaambia nini, mudogo?"

"Nimewaambia vilevile ulivyosema, mzee. Kwamba ulisema rudia."

Polycarpe akaitikia kwa kichwa mbele ya watu wote. "Ndiyo. Nilisema rudia." Na wale waliomwona akiitikia wakaona mtu anayekiri.

Mkutano ulipoisha, mama yake Wade aliinuka, akamshika Gelasius mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kujaribu. Polycarpe naye alikuwa amenyoosha mkono. Mama yule akampita kama anavyopita kiti. Kati ya wawili wale, aliyemzamia mwanawe ndiye aliyebaki na mkono hewani. Gelasius aliona, akainamisha macho.

Polycarpe aliondolewa kwenye boti ya uokoaji. Gazeti la mji likaandika, na binti yake Fanny, aliyekuwa sekondari, akalisoma mezani. "Papa," alimwambia, "wameandika ni weye ulitoa wrong command. Na Gelasius ndiye ali-confirm."

Jioni ile ile Polycarpe alikuwa mlangoni kwa Gelasius, Grand Prairie, hajavua hata nguo za kiwandani.

"Nilikuambia rudia!"

"Ndiyo, mzee, na ndivyo nilivyowaambia!"

"Rudia, nilisema! Rudia!"

"Sasa nimekataa? Rudia, nami nikarudia!"

"Weye hukurudia! Muongo weye!"

Walisimama pale wakirushiana neno moja, kila mmoja akimshangaa mwenzake, kila mmoja akiwa na haki yake mkononi. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini nani humuuliza mwenzake maana ya neno wanalolijua wote wawili? Polycarpe alitema mate kwenye ngazi, akaondoka. Mwaka ule habari zilienea makanisani, na Wakongomani wa Fort Worth wakagawanyika: wengine walisema Mtanzania amemuuza mkimbizi ili alinde jina lake, wengine walisema Polycarpe aliua mtoto wa watu kwa mdomo. Mke wa Polycarpe aliacha kwenda kwaya.

Mashindano nayo hayakupona. Mwaka uliofuata zilikuja boti chache, mchungaji akaomba muda mrefu kupita kawaida, na Gelasius akaendesha na kijana wa Kizungu nyuma yake, wakisemezana kwa Kiingereza. Hakuna aliyepinduka. Mwaka 2004 kampuni za bima zilikataa kuyadhamini, mwaka 2005 Bi Dorothea akauza duka, na Septemba ile bwawa likabaki na bata na wavuvi wa Jumamosi. Gelasius alienda siku ile hata hivyo, akakaa ndani ya gari lake. Alimkasirikia Polycarpe, ndiyo kweli. Alijiambia kwamba kama mzee angesema vizuri, Wade angekuwa hai, na mashindano yangekuwapo, na yeye asingekuwa mtu wa kukaa peke yake ndani ya gari akitazama maji.

Hasira hiyo ilimlea miaka saba.

Mwaka 2009 ghala liliajiri Wakongomani wengi waliotoka kambini. Mmoja alikuwa Clarisse, mama wa makamo, mcheshi, aliyefunga maboksi karibu na foklifti ya Gelasius. Zamu ilipoisha siku yake ya kwanza, akavua glavu, akapunga mkono.

"Baba, mi narudia."

Gelasius akamhurumia. "Hurudii kitu, mama. Kazi imekwisha. Umefunga vizuri tu."

Clarisse akacheka. "Apana, baba. Narudia ku nyumba. Batoto beko banangoja."

Gelasius alizima foklifti. Akamwomba aseme tena, naye akasema, sasa polepole, kama anayesema na mtoto: unatoka mahali, unageuka, unaenda kule ulitoka. Kurudia. Kwenu munasemaka namna gani? Gelasius alikuwa amekaa kwenye kiti cha foklifti, mikono imeshika usukani. Alisikia sauti ya Polycarpe nyuma ya kisogo chake, na safari hii alielewa. Akasikia na yake mwenyewe ikijibu, narudia, mzee, ikimzuia yule mtu kuruka. Alilia pale pale, mwanamume mzima, watu wa zamu ya pili wakimpita.

Hakungoja Jumapili. Aliendesha gari hadi Fort Worth na nguo za kazi, kama mwenzake alivyokuja kwake zamani. Fanny, sasa mtu mzima, alimfungulia, akamtazama, akaenda kumwita baba yake. Polycarpe alitoka taratibu, mvi tupu, mgongo umepinda. Wakasimama kizingiti kikiwa katikati yao.

Njiani Gelasius alikuwa amepanga maneno mengi. Maneno yote yalimkimbia isipokuwa lile moja, na akalisema kwa namna ya Kalemie.

"Mzee. Nimerudia."

Polycarpe alielewa, akashika fremu ya mlango. Gelasius akadhani ataitwa ndani.

"Weye umerudia," mzee akasema. "Ile kijana hakurudia. Na mama yake mpaka leo anajua ni mimi."

Kisha akaufunga mlango polepole, bila kuubamiza, na Gelasius akabaki kwenye ngazi akijua nyumba ya pili anayopaswa kwenda kubisha hodi.