Kitambaa Chini ya Kulasi

Harufu ya esansi, petroli, iliyopigwa na jua inanitia wasiwasi mpaka leo. Vijana wanaouza chupa zao kando ya barabara hapa Kabondo wananiona ninavuta pua, wanacheka. Waache wacheke. Hawakukulia kwetu.

Kwetu aliyeuza esansi ni mama. Chupa zake zilikaa chini ya meza, kivulini, kila moja na kizibo alichokikaza mpaka sisi watoto tushindwe kukifungua. Papa alibeba watu kwa pikipiki. Na tonton Alphonse, mdogo wake papa kutoka Yanonge, fundi, alilala chumba kimoja nasi watoto na kukoroma kama mashua ya Isangi. Bon, sikuanza kwa ajili ya kukoroma.

Pikipiki ilianza kuchoka. Penye mwinuko abiria walishuka wakasukuma, papa akitazama pembeni kwa haya. Tonton akaisukuma kiki ya kuwashia kwa mkono tu, ikashuka laini kama inaingia ndani ya ndizi mbivu. Akasema injini haishiki pumzi. Akamimina oili kidogo kwenye tundu la buji, ile plagi ya cheche, akasukuma tena. Bado laini. Basi si ringi za pistoni, akasema, ni supapu, vile vimlango vya kulasi, kichwa cha injini. Havifungi. Akaifungua kulasi, akazipaka supapu dawa ya kusagia, akawa anazungusha kijiti kilichozishika katikati ya viganja mpaka viganja vikawa vyeusi.

Mama hakumwamini. Alisema pikipiki ikipona Alphonse atakosa sababu ya kukaa, kwa hiyo hataki ipone. Tena alikuwa anaichungulia sana sahani ya shemeji yake. Mwisho akaweka sharti mbele ya papa: kulasi ikivuja, Alphonse arudi Yanonge.

Jumapili asubuhi tonton akaigeuza kulasi chini juu, buji ikiwa mahali pake, akatandika kitambaa cheupe chini, akamimina esansi juu ya zile supapu. Alisema tutazame kidogo tu, zikivuja kitambaa kitalowa. Tukatazama. Kikavu. Tonton akaanza kutabasamu peke yake.

"Usikimbilie kucheka, shemeji," mama akasema. "Ikae mpaka tutoke misa."

Tonton akakubali, akaenda kuoga. Hapo mama akaibeba kulasi polepole na kitambaa chake, kama padri anavyobeba kikombe, akaiweka juu ya pipa, katikati ya jua.

Siku hiyo tulitoka misa, mama mbele, mimi mbio nyuma yake. Nilimwona anainua kulasi. Ndani hakukuwa na tone. Akakivuta kitambaa, akakinusa, akakitumbukiza ndani ya beseni la sabuni. Mama ambaye hakuwahi kufua siku ya Bwana hata leso.

Papa na tonton wakaingia.

"Jua ilikunywa esansi," tonton akasema. "Kitambaa iko wapi?"

"Nilishafua. Ilijaa esansi."

"Ilikuwa kavu," nikasema.

Papa alilitazama beseni, halafu akanitazama mimi.

"Mutoto, nyamaza."

Tonton alimngoja kaka yake aongeze neno. Alingoja kweli. Kisha akakusanya spana zake ndani ya gunia, akashuka mtoni kutafuta mtumbwi. Chumbani kwetu kukawa kimya, na mimi sikulala.

Siku chache baadaye pikipiki ilipanda mwinuko ikiwa na abiria wawili. Mimi nikadhani ni Mungu ameitengeneza.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilivikumbuka vile vizibo vya mama. Nani angehitaji kumfundisha yeye kwamba jua linakunywa esansi? Hilo halikunichukua muda. Lililonichukua miaka ni papa. Kulasi ile, iliyosemwa inavuja, aliirudisha mwenyewe, akakaza nati moja moja bila haraka. Hakuita fundi mwingine, na supapu hakuzigusa.