Mmea Usiotaka Kuogeshwa

Mama yangu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: usafi. Kila Ijumaa asubuhi alifuta jani moja moja la mimea yake ya barazani, na ole wako ukanyage sakafu kabla haijakauka.

Miaka ile ya wakimbizi, mwanamke aliyevuka kutoka Burundi alikaa nyumbani kwetu, mtaa wa Kasingirima, kabla ya kupelekwa kambini. Alikuja na furushi la nguo na mmea uliofungwa kwenye kipande cha ubao, majani yake yamegawanyika kama pembe, bila chembe ya udongo. Aliubandua kwenye mti wa uani kwao siku alipokimbia. Lori lilipokuja kumchukua, alimwachia mama.

"Dada, hii ni amana."

Mama hakuwa mtu wa kuchezea amana. Tatizo ni kwamba aliupenda mno. Aliona majani yana vumbi la kijivu, akayasugua kwa sabuni. Aliona nyuma kuna majani makavu ya kahawia, akayabandua. Mwisho akauhurumia kwa kukosa udongo, akaupanda kwenye kopo la rangi, samadi ya mbuzi tele, maji asubuhi na jioni. Mmea ukalegea. Mama naye akalegea.

"Nitamwambia nini mwenyewe?" alimuuliza kila aliyepita, hata muuza dagaa.

Mgeni alipopata ruhusa ya kuja mjini, mama aliuficha mmea chumbani, akapika samaki wa migebuka kwa mawese, akidhani aliyeshiba husamehe upesi. Mgeni akanawa, akauulizia mmea wake kabla hajamega tonge.

Mama akauleta huku analia. Mgeni akaunusa, akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

"Yoo, dada! Umeuogesha, ukauvua na nguo!"

Lile vumbi, alituambia, ndilo linaloukinga na jua. Yale makavu ndiyo yanayoushikilia mtini na kuutunzia maji. Akakata sehemu zilizooza. Katikati kilibaki kichipukizi kimoja kibichi, tukakifunga ubaoni kwa uzi wa nyavu.

"Hata sikukuu nisiufute kidogo?" mama aliuliza.

"Oya, dada," akakataa kwa lugha ya kwao. "Hata sikukuu."

Kisha akamshika mama mkono, hacheki tena. "Tangu nivuke nimepoteza vitu vingi, na nimevililia peke yangu. Leo nimekuta mtu analia kwa ajili ya kitu changu."