Mwendo wa Kaseti ya Baba

Baba aliomba kitu kimoja tu kabla ya kufa: siku ya kuvunja matanga yake, nipige wimbo wa kaseti yake, na nisiupunguze mwendo. Aliniambia mimi kwa sababu katika nyumba yetu ya Murara ni mimi peke yangu ninayeshika gitaa, na kwa sababu alijua kichwa changu ni kigumu. Nikakubali. Nilidhani ni kazi ndogo.

Kaseti hiyo alipewa Bunagana, mpakani, na dereva wa lori kutoka Uganda, enzi zile tukiishi huko na baba akijaza makaratasi ya wafanyabiashara pale duane, kwa watu wa forodha. Dereva alimwambia muziki huo unaitwa blugrasi, na sisi nyumbani tukasema blugrasi mpaka leo. Wimbo alioupenda ulikuwa wa kwanza upande wa pili. Banjo inakimbia, fidla inaifukuza, na mwanaume anaimba juu kabisa, karibu na kupiga kelele. Ukiusikia bila kujua Kiingereza unasema hii ni harusi. Sisi watoto tuliucheza miaka mingi mbele ya wageni, viuno vikizunguka. Baba, ambaye Kiingereza cha mpakani alikijua, alituacha, halafu siku moja akatuambia kwamba huyo mutu anamlilia mama yake, aliyezikwa yeye akiwa mbali. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Baba akacheka.

"Ni kilio," akasema, "lakini miguu yake haijaambiwa."

Radio yetu ilikula mawe sita, yaani betri. Mawe yakiwa mapya, wimbo ulipanda na kukimbia. Yakichoka, ulishuka na kuburuta miguu, na yule mwanaume akaimba kama mutu mwenye malaria. Hapo mama aliyatoa mawe, akayaanika juani mbele ya mlango, na wimbo ukapona kidogo. Hatukuwahi kujiuliza upi ndio mwendo wake wa kweli. Nani angejiuliza?

Siku tulipokimbia vita Bunagana radio ilibaki, kaseti ikaja katika mfuko wa koti la baba. Tulitembea mpaka kambi ya Kanyaruchinya, mama na mdogo wangu mgongoni, mimi na godoro kichwani, na baba mbele yetu akiuimba ule wimbo bila maneno, tiri-tiri ya banjo tu. Nilimkasirikia sana. Watu wanalia njia nzima, yeye anaimba! Nikamwambia atuonee haya. Hakugeuka hata kidogo.

"Ukipunguza mwendo utaanza kuwaza," akasema. "Ukiwaza, utakaa chini."

Nikamfuata. Sikukaa chini.

Basi, tulipomzika huku Murara, mtaa wa mjini tulikohamia baadaye, nikaazima radio ya jirani, nikanunua mawe mapya, nikakaa na gitaa. Na hapo ndipo shida ilipoanza. Kwa mawe mapya wimbo ulikuwa karibu na noti ya La, lakini si La. Nyuzi zangu ziligombana nao. Nikachomeka radio kwenye umeme, ukashuka. Umeme ukapungua nguvu, kama kawaida yake, wimbo ukafika Fa, noti mbili chini. Kaseti moja, nyimbo tatu. Mwendo na sauti vilikuwa vimefungwa pamoja kama mbuzi wawili kwenye kamba moja, ukimvuta huyu unamwangusha yule.

Nikaipeleka kwa muzee anayeongoza korali yetu ya parokia, tunayemwita Papa Metre. Alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa, akasema wimbo uko kwenye majeur, sauti ya furaha, na matanga gani haya ya majeur? Akaamua tuushushe Fa, tuugeuze mineur, sauti ya huzuni, twende polepole, wamama waweze kuufikia. Korali ikaujaribu. Ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Watu walitoa machozi. Nilimwambia Papa Metre kwamba baba hakuomba machozi, akanijibu kwa upole kwamba marehemu hapangi mazoezi. Nikachukua kaseti yangu, nikamuaga kwa heshima.

Nilirudi nyumbani na kumkuta mama kwenye mkeka wake. Tangu mazishi alikuwa amekaa hapo, hapiki, hatoki, shangazi zangu wanamletea chakula naye anakirudisha nusu. Nikamuuliza wimbo ulikuwa ukienda vipi hasa. Nikapiga wa Fa, akatikisa kichwa. Nikapiga wa juu, akatikisa tena.

"Unatafuta kwa radio," akasema. "Radio haikutembea."

Akashika ukuta, akainuka, akakaza kitenge. Akatoka uani, akatembea kutoka jikoni mpaka kwenye mlango wa njia, akarudi, kokoto nyeusi zikilia chini ya miguu yake. Alitembea kama aliyebeba mutoto mgongoni, haraka, bila kukimbia. "Tulikwenda hivi," akasema. Nikapiga mapigo mawili kwa kila hatua, na banjo ya baba ikanirudia mikononi. Mama akaivumisha puani ile tiri-tiri, ikaangukia Sol. Kama haikuwa Sol kamili, basi mimi niliamua ni Sol. Halafu mama akarudi kwenye mkeka wake.

Wiki mbili nilipiga hatua hizo kwa vidole mpaka ncha zikachubuka. Shangazi akaniuliza kama nimeajiriwa na jini. Nilimwambia nimeajiriwa na baba.

Siku ya kuvunja matanga, baada ya misa, watu walijaa uani kwetu. Papa Metre akakohoa kusafisha sauti yake ili atoe Fa. Sikumngoja. Nilianza kwa Sol, kwa mwendo wa mama. Korali ilibaki nyuma mstari mzima. Papa Metre alinionyesha kiganja: shuka, shuka. Nilikiona vizuri sana, nikageukia ukuta nikaendelea. Nilikuwa naogopa, sitadanganya. Peke yako kwenye mwendo ule, na watu wanasubiri kulia, unajisikia mjinga.

Kisha nikasikia kokoto. Mama alikuwa ameinuka kwenye mkeka. Hakucheza. Alikuwa akitembea kuzunguka ua, mikono mitupu, na shangazi zangu mmoja mmoja wakamfuata, na mapigo yakatoka chini, miguuni mwao. Kiganja cha Papa Metre kilibaki hewani kidogo, halafu kikaanza kupiga pamoja nasi. Korali ikapanda Sol, wamama wale wale, na hakuna aliyekatika koo.

Nilipopiga uzi wa mwisho, wote walisimama. Mama hakusimama. Alipita katikati ya wageni kwa mwendo ule ule, akaingia jikoni, akawasha makaa ya mbabula kwa mkono wake mwenyewe, akaniuliza kwa sauti kama nimekula.