Kuta za Nyumba ya Mezani

Ko, ko, ko. Nilisikia mbao zikigongwa gerejini kabla sijamwona bibi niliyeajiriwa kumtunza, pale Mansfield, Texas. Alikuwa Mwingereza, mjane, na juu ya meza alikuwa akiijenga upya, kwa udogo, nyumba ya shamba alimozaliwa: mifupa ya mwaloni, bila msumari hata mmoja. Nyumba yenyewe ilibomolewa zamani.

Katikati ya nguzo alikuwa amesuka fito. Fito! Mimi nilidhani Waingereza wote walizaliwa ndani ya mawe, kumbe kuta za kwao huyu zilikuwa za udongo kama za nyanya yangu.

"Kuta bado," alisema, "na Jumamosi mwanangu ananihamishia Houston. Kwake hakuna pa kuchafua. Nisipomaliza hapa, wajukuu wataona mifupa tu."

Ufito ukamponyoka vidoleni mara mbili. Jioni nikampigia simu mama, ambaye naye anaishi huku Texas. "Mama, yule bibi ana nyumba haijakandikwa, na Jumamosi anahama."

"Haijakandikwa? Watu wake wako wapi?"

"Hana watu hapa."

Kwetu nyumba haikandikwi na mtu mmoja. Alhamisi asubuhi gari likasimama nje, wakashuka mama na wenzake wanne wa kanisani, leso viunoni, na ndoo za udongo, nyasi kavu na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe. Mama akaangaza macho huku na huku akitafuta nyumba. Nikamwonyesha meza.

Wote watano wakaizunguka, ndoo mikononi.

"Na vile nimeomba off kazini!" mmoja akalia.

"Huyu mwanangu na mafumbo yake," mama akasema. "Si ungesema ni ya panya?"

Nilipomtafsiria bibi, alicheka hadi akashika meza.

Hawakuondoka. Walikanda udongo kwenye bakuli, wakaupaka kwa ncha za vidole, wakiimba na kusukumana. "Toa hicho kidole, ni mwiko mzima!" Bibi naye alikuwa fundi mkuu, akiwaelekeza madirisha yakae wapi. Mchana kuta zilikuwa zimesimama, mbichi, zikinukia mvua. Akala githeri akizitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyelala. Sijawahi kufurahia kueleweka vibaya kama siku ile.

Joto la Texas likafanya yaliyobaki. Jumamosi, mwanawe akiwasha gari, bibi aligusa ukuta kwa mgongo wa mkono.

"Umekauka," akaniambia. Akaikumbatia nyumba yake, akakataa kusaidiwa, akatoka akitembea kinyumenyume, na mlango akaufunga kwa mguu.