Kurasa Mbili Zilizorukwa

Nilikisoma kitabu kabla ya kuiona filamu, na kwa sababu hiyo nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa kidato cha tatu. Kilikuwa kitabu kinene cha Kiingereza cha zamani, kimepoteza jalada katika maktaba ya shule, na hadithi yake ilikuwa ya mapenzi ya watu waliopanda magari ya farasi na kuandikiana barua ndefu hata walipoishi jirani. Dada wawili wanafiwa na baba yao. Shamba na nyumba vinakwenda kwa mpwa wa marehemu, kwa kuwa wao ni wanawake, kisha mpwa huyo anakuja kumposa mkubwa wao. Mkubwa hampendi. Anampenda daktari asiye na kitu. Nilikilia kitabu hicho mara mbili, mara ya pili kwa kujitakia.

Iliposikika kwamba filamu yake ingeonyeshwa Jumapili alasiri, niliitangaza nyumbani kama kwamba niliitengeneza mimi. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Muthara, na televisheni yetu ndogo isiyo na rangi iliendeshwa kwa betri ya gari. Wiki hiyo hatukuiwasha hata kwa habari. Baada ya kanisa wakaja nyanya na akina mama wanne wa jirani, wakajipanga sebuleni na vikombe vyao. Baba alikaa kwenye kona na gazeti, ili ijulikane kwamba mambo haya hayamhusu.

Dada yangu mkubwa naye alikuwepo. Alikuwa akipiga taipu katika ofisi moja ya Embu na kupanga chumba mtaa wa Dallas mjini humo, na hakuwa amekuja kwa filamu. Jumamosi iliyofuata washenga wa mwenye maduka mmoja wa Muthara, mtu wa lori na heshima zake, wangefika kwetu kusikia jibu. Nyumbani kwetu msichana hakujibu kwa mdomo. Alimimina uji kwenye kata, akaonja yeye kwanza, akampa baba yake, na baba alipokunywa na kuwapa wageni, neno lilikuwa limekwisha. Zamani ilikuwa pombe ya asali; kanisa likaleta uji. Asiyetaka hakuonja.

Dada hakumtaka yule mtu. Aliniambia mimi peke yangu asubuhi ya Jumapili hiyo, tukimenya ndizi jikoni. "Simtaki, lakini Mama amefurahi sana. Nitaonja tu, yaishe." Akaniapisha nisimwambie mtu, nami nikaapa haraka kupita kiasi.

Filamu ikaanza, nikawa mkalimani. Kuhusu lile shamba kumwendea mpwa, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ametumia wiki nzima kutueleza, na nusu ya darasa haikuelewa. Nyanya hakuhitaji hata dakika.

"Si ni hivyo tu? Msichana atapewa shamba na nani? Endelea."

Mama mmoja aliuliza hizo nguo za kuburura wanafua aje na matope yote hayo. Mwingine alitaka kujua kwa nini hakuna mtu anaonekana akilima. Lakini walitulia. Mashamba yale ya kijani, ukungu, barabara nyekundu iliyolowa (nasema nyekundu, ingawa kwetu ilionekana ya kijivu), vilikuwa kama vya kwetu, na mapenzi ya kufichwa yalikuwa kitu walichokijua kuliko waliotengeneza filamu.

Ndipo ikafika siku ya posa. Mpwa ameketi na kofia magotini. Yule msichana anamimina chai, na kwa jinsi alivyopotea mawazoni anajisahau, anakipeleka kikombe mdomoni mwake, anaonja, halafu ndipo anampa mgeni.

Sebule ikalipuka kwa vigelegele.

"Ameonja! Ameonja! Hiyo maneno imeisha!" Nyanya alisimama kabisa.

Mimi nilikuwa nimekasirika. Kitabuni, kikombe kile kilikuwa na kurasa mbili nzima za mawazo ya msichana, kurasa nilizozijua karibu kwa moyo, na hawa watu wa filamu walikuwa wamezifuta. Hakuna neno hata moja! Ni mkono tu, kikombe, na dirisha. Nilikuwa bado nawalaani wakati Baba aliposhusha gazeti.

"Hajakubali," alisema.

"Mwalimu, si ameonja? Tumeona na macho!"

"Ameonja kama mtu anakunywa dawa. Angalieni hiyo mkono."

Wakamcheka. Msichana alipomkataa yule mpwa bustanini, nyanya alisema huyo kwetu angetozwa mbuzi. Betri ikaanza kuchoka, picha ikajikunja kutoka pembeni, na mwisho wa hadithi niliusimulia mimi, nikizirudisha kurasa zangu mbili bila kuulizwa na mtu.

Jumamosi washenga walikuja. Dada alitoka na kata, amefunga kitambaa kipya, akamimina, akaonja. Vigelegele vikapaa. Akampa Baba kwa mikono miwili. Baba aliipokea, akamtazama usoni muda mrefu hata vigelegele vikakosa pumzi, kisha akaiweka chini bila kunywa.

"Huyu hajakubali."

Msemaji wa wageni alitabasamu kwa adabu. "Mwalimu, sisi wote tumeona ameonja."

"Hata mimi nimeona." Akamgeukia dada. "Mami, sema na mdomo. Unataka?"

Dada alitikisa kichwa, kisha akasema, "Hapana, Baba," akalia mbele ya watu. Wageni waliondoka na uji wao haujanywewa. Mama hakusema na Baba mpaka mavuno, na kanisani tulikaa benchi letu kama wagonjwa wa kuambukiza. Baba hakujieleza kwa yeyote.

Tangu hapo nimeziona filamu nyingi za aina ile, na nazipenda bila aibu. Sihesabu tena kurasa zilizorukwa. Mwigizaji mzuri anapovua glavu polepole kidogo kuliko ilivyopasa, huweka pale sura nzima ya kitabu, na aliye na macho huisoma. Baba hakukifungua kitabu kile hata siku moja. Mimi nilikijua neno kwa neno, na siku ile ya chai nilikuwa nikitazama kile kisichokuwapo.

Dada aliolewa baadaye na mtu aliyemtaka. Kila Krismasi alinishonea nguo, mimi peke yangu katika ndugu wote, nami nilizivaa nikidhani ndivyo dada wakubwa walivyo. Mwaka mmoja, tukichambua maharagwe kwake, alisema ghafla, "Unajua sijawahi kukushukuru vizuri. Kama hungemwambia Baba, ningekuwa Muthara mpaka leo."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na mazoea.

"Sikumwambia," nilisema. Nikamwambia na lililobaki: kwamba yule mwenye maduka alikuwa ameahidi kunisomesha, na ndiyo maana niliapa upesi na kukitunza kiapo vizuri mno.

Aliacha kuchambua. "Sasa alijuaje?"

"Alikuangalia."

Dada alifunika uso kwa kitenge. Baba tulikuwa tumemzika miezi minne kabla, na shukrani zake zote nilikuwa nimezivaa mimi.