Zawadi ya Aliyepigwa Hufuatwa Jumatatu

Upepo wa Makambako hauna adabu, na Jumatatu hii jioni unapenya hata sweta mbili. Feliciana Mgaya, 43, muuza miche ya parachichi, amesimama mlangoni mwa ghala wanamofanyia mazoezi mabondia wa ridhaa. Mkononi ana mche mmoja ndani ya kiriba cha nailoni. Anamsubiri Ashura.

Ashura, 19, muuza mitumba, alipanda ulingoni kwa mara ya kwanza juzi Jumamosi. Mwamuzi alisimamisha pambano raundi ya pili, Ashura akiwa amezidiwa. Ndiye msichana pekee aliyebaki klabuni. Wenzake walipigwa mara moja tu, wakayeyuka.

“Ngumi inauma siku mbili. Aibu ndiyo haina dawa dukani,” anasema Feliciana, mlezi wa klabu hiyo.

Mwaka wake wa kwanza wa ulezi aliharibu. Alinunua medali, akawavisha mabondia wapya walioshindwa palepale ulingoni. Watazamaji wakacheka weee, wakaziita medali za kipondo. Waliovishwa hawakuonekana tena.

“Nilidhani nawatia moyo, kumbe nawaanika,” anasema. Anacheka, lakini inaonekana bado inamuuma.

Siku hizi kila anayepigana mara ya kwanza, ashinde ashindwe, hupewa mche uliobebeshwa, yaani ulioungwa na parachichi la aina bora, ambao Feliciana huuza Sh4,000 kibandani kwake. Ila hapewi siku ya pambano. Anaufuata mwenyewe mazoezini Jumatatu.

Kocha Nasiri, ambaye mchana huziba matairi, alimpinga. “Nilimwambia dada Feli, tutalea wavivu. Lakini wengi wanarudi. Mtu akishavuka huu mlango na uso wake umevimba, mimi nina kazi ndogo tu iliyobaki.”

Giza linakaribia Ashura anapotokea, mtandio ameushusha hadi kwenye jicho lililovimba.

“Kamwene, mwanangu,” Feliciana anamsalimia kwa Kibena.

“Kamwene, mama.”

Ndani hakuna anayecheka. Wanamsogezea nafasi, wanaendelea kuruka kamba. Feliciana anamkabidhi mche, lakini binti anautazama tu.

“Mama, mimi nimepanga chumba. Kwetu mbali, Kondoa. Huu nitaupanda wapi?”

Feliciana ni Mbena wa kijiji cha Yakobi, amezaliwa katikati ya mashamba, na miaka yote hii amegawa miche bila kuwaza kwamba kuna mtu asiye na pa kuchimba shimo. Wapangaji wangapi wamekwenda na miche yao ikakaukia barazani? Anajishika kiuno.

“Basi Jumapili twende kwangu Yakobi,” anasema. “Kuna robo ekari nilitaka kuweka viazi. Viazi vitasubiri. Tutapanda wa kwako, na wa kila aliyepanga kama wewe. Kila mtu na mti wake, na matunda yake atachuma mwenyewe.”

Kisha anamtazama usoni. “Lakini parachichi linataka miaka mitatu. Utakuwepo?”

Ashura anauegemeza mche ukutani, anavua mtandio, anatoa bandeji mfukoni.

“Nipo, mama. Nifunge huu mkono wa kulia, mwenyewe siuwezi.”