Gari Jekundu la Mzee Wilondja

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo hainitoki kichwani: siku niliyoshika msumeno wa chuma nikakata gari ambalo halikuwa langu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kukata kwenyewe kulikuwa kutamu, nisikudanganye. Nilipiga mluzi mwanzo hadi mwisho.

Nakueleza haya kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu yako picha za magari ya zamani ya mbio yaliyokatwa, yakainuliwa, yakavishwa magurudumu kama ya trekta, ukaniambia ndivyo utakavyolifanya lile alilokuachia babu yako. Sikukujibu. Ulidhani nimekasirika, ukaondoka umenuna. Wala sikukasirika. Nilikuwa nakumbuka, na mtu wa umri wangu akianza kukumbuka huchelewa kujibu.

Zamani zetu hapa Baraka, kando ya ziwa, kulikuwa na gari moja tu la mbio. Lilikuwa jekundu, milango miwili, viti viwili, tena limekaa chini hivi kwamba ukiwa ndani unaona magoti ya watu. Mzee Wilondja, aliyekuwa mwalimu, alilinunua kwa mzungu mmoja wa kampuni ya pamba aliyekuwa anarudi kwao. Kusema kweli halikufaa kwa barabara zetu. Kupanda nalo hadi Fizi ilikuwa adhabu, mawe yanalikwaruza tumbo njia nzima. Watu walimcheka. Yeye alilipenda hivyo hivyo, kwa kuwa siku ya harusi yao ndilo lililompeleka mkewe kanisani. Yule mama alikuwa amekwisha kufariki, akamwachia binti mmoja, Apolina.

Mimi nilikuwa najifunza ufundi kwa Fundi Lubunga, mtu wa maneno machache, mikono yake ina girisi hata Jumapili. Mzee Wilondja alipotakiwa kwenda Kigoma kutibiwa macho, alituletea gari, breki zimechoka. Alisema nikiwa nimesimama pale pale, nasikia kwa masikio yangu mawili: breki zitengenezwe, mengine yaachwe, maana akirudi Apolina anaolewa, naye atapanda gari lile lile alilopanda mama yake.

Fundi alimaliza breki, kisha akaitwa Kazimia kutengeneza injini ya boti. Aliniachia garaji kwa wiki mbili. Kazi yangu kwa lile gari ilikuwa kuliwasha kila asubuhi, basi.

Ningeliwasha tu, leo nisingekuwa na cha kukuambia. Lakini nilikuwa nikilitazama nalionea huruma, ile huruma ya kijana anayejiona ameshajua kila kitu. Nikajiambia, Mzee huyu anateseka kwa kukosa mtu wa kumsaidia. Nyuma ya garaji kulikuwa na mabaki ya lori dogo. Nikatoa springi zake, nikalipandisha gari juu. Magurudumu ya lori yakakataa kuingia, ndipo nikachukua msumeno nikakata bodi juu ya kila gurudumu, pembe zote nne. Zile rimu za gari lenyewe za aluminiamu, nyepesi, zinang'aa, sikuona tena zina kazi gani. Nikazipeleka kwa wale wanaoyeyusha aluminiamu kutengeneza sufuria, nao wakanipa sufuria moja kubwa ya mfuniko. Mama yangu alifurahi sana. Alizunguka kwa majirani akisema mwanawe ameanza kuleta vitu nyumbani.

Siku kadhaa nilitembea nalo sokoni, nimekaa juu kama chifu. Vijana wenzangu walinishangilia mpaka sauti zikawakauka. Nilikuwa nasubiri kwa hamu Fundi arudi anisifu.

Alirudi. Alilizunguka gari mara mbili, akapitisha kidole pale nilipokata.

"Marimu yake iko wapi?" aliniuliza.

"Iko mu sufuria, Fundi."

"Mu sufuria gani?"

"Ya kwa mama."

Natamani angenipiga, ningejua yamekwisha. Badala yake alijilaza chini, akaniita nichungulie naye tumbo la gari. Kulikuwa na bati nene kutoka mbele hadi katikati, limeshikwa na bolti nane. Miezi yote niliyokaa pale sikuwahi kuuliza ni la nini.

"Hii bati niliiweka mi, sababu ya mawe ya njia ya Fizi," alisema. "Nilimuuliza Mzee kwanza. Akisema leo nitoe, nafungua bolti nane, gari inabakia vile ilikuwa. We ukiambiwa urudishe, utafungua nini?"

 Akaniambia siku Mzee atakaposhuka kwenye boti, mimi ndiye nitakayempokea, na nitamwambia mwenyewe kabla hajaliona. Nikafikiri kukimbilia Ubwari kwa mjomba wangu nikawe mvuvi. Nilifunga hata nguo. Sijui mpaka leo kilichonizuia, labda ni aibu ya kumwachia Fundi mzigo usio wake.

Mzee Wilondja alishuka akiwa na furaha. Macho yalikuwa yamepona. Alikuwa ananitajia rangi za nguo za akina mama waliokuwa ufukoni, huyu amevaa ya kijani, yule ya manjano, anacheka peke yake. Nami nikawaza, macho yamepona ili aje kuona nilichokifanya.

"Mzee, gari haiko vile uliiacha," nilimwambia. "Mi ndiyo niliikata. Fundi hakujua."

Kicheko kilikoma. "We uliuliza nani?"

"Sikuuliza muntu."

Tulitembea hadi garajini. Akafungua mlango, akainua mguu ili apande, ikabidi ashike juu na kujivuta kama anayepanda lori. Akashuka.

"Apolina atapandaka hapa namna gani na robe yake ya harusi?"

Kisha akaweka kiganja pale nilipokata, akalia. Alikuwa anamlilia mkewe, na ni mimi niliyemrudishia msiba wake upya. Sijawahi kujichukia kama saa ile.

Fundi akamuuliza kama anifukuze. Kimawazo nilikuwa nimeshavua ovaroli. Mzee akajipangusa uso akasema, "Ukimufukuza, nani atairudisha? Abakie. Mi nitakuwa nakaa hapa, namuangalia."

Na kweli alikaa. Wiki tano, kila asubuhi alikuja na kiti chake kidogo, akanigombeza mpaka adhuhuri. Springi zake za zamani nilikuwa sijazitupa, Mungu alinisaidia hapo, nikazirudisha. Pale nilipokata niliziba kwa chuma cha pipa nililokuwa nagonga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Rimu hazikupatikana, tulifunga za chuma za gari jingine. Rangi nyekundu nayo haikulingana, ukisimama juani unaiona. Lakini kati ya kugombezwa na kugombezwa, alinisimulia. Nikitaka kunyoosha sehemu iliyobonyea mlangoni alinikemea niache, kwa maana ni mbuzi wa kule Nundu aliyeugonga mlango ule siku ya harusi yao, mkewe ameketi ndani, naye alicheka mpaka wakafika kanisani wamechelewa. Nilijifunza kwamba nilikuwa nafanya kazi ndani ya maisha ya watu, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Siku ya harusi Apolina aliketi vizuri, hakuhitaji mtu wa kumshikia gauni. Gari lilikuwa na viti viwili tu, na sote tulijua nani atakaa kwenye usukani. Mzee alikuja kwangu akanitilia ufunguo mkononi.

"Endesha we. Macho yangu haiko sawa."

Macho yake yalikuwa sawa kabisa. Yeye alikwenda kwa miguu nyuma yetu pamoja na waimbaji, vumbi letu likimpiga usoni, na mimi niliyelikata gari lake nikampeleka binti yake kanisani. Ninashukuru mpaka leo. Kila gari nililoligusa tangu siku ile, nimeligusa kwa shukrani hiyo.

Sasa nikujibu, mwanangu. Sikukatazi kulibadili gari la babu yako. Njia zetu unazijua, na hata Fundi Lubunga aliweka bati lake. Lakini funga kitu kinachoweza kufunguliwa. Ukikitoa cha zamani, kiweke penye ukavu, usikipeleke kwa watu wa sufuria hata kama mama atafurahi. Na nyanya yako yupo hai, wewe umeiuliza simu yako tu, yeye hujamuuliza. Mkalishe ndani ya lile gari alasiri moja, unyamaze, umwache aseme. Atakapomaliza, ukiona bado unautaka msumeno, njoo uchukue wangu.

Mungu akupe mikono yenye adabu na kazi isiyokauka. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akupe mtu wa kukugombeza wiki tano bila kukufukuza, kisha akupe ufunguo. Amina.